Mtaalamu wa Usingizi: Cheti Chake ni Dhamana ya Uhai

Mwananchi anapopelekwa katika chumba cha upasuaji, jamaa zake walioketi nje humfikiria daktari atakayeshika kisu. Humwombea daktari huyo, na kazi ikiisha salama humshukuru yeye. Ni wachache wanaouliza habari za mtu wa pili, yule anayesimama upande wa kichwa cha mgonjwa, ambaye kazi yake ni kumlaza, kumlinda asikose pumzi, na kumrudisha tena katika fahamu zake. Hata hivyo, kwa muda wote ambao kisu kinafanya kazi, pumzi ya mgonjwa imo mikononi mwa huyo wa pili.

Wananchi wenyewe wameliita jambo hili nusu kaputi, na jina hilo lina ukweli mkubwa. Aliyepewa dawa ya usingizi hafanani na mtu aliyelala kitandani kwake. Aliyelala kwa kawaida akizibwa pumzi hushtuka na kuamka. Aliyepewa dawa haamki. Hawezi kukohoa, hawezi kumeza mate yake, hawezi kupiga kelele wala kulalamika. Ulimi wake ukianguka nyuma na kuziba koo, hana njia ya kujiokoa. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika chache tu huharibika, na sehemu iliyoharibika haiponi. Kwa hiyo swali la nani apewe kazi hii, na kwa mafunzo na cheti gani, si la wakuu wa hospitali peke yao. Ni swali la utumishi wa umma na la haki ya kila mwananchi.

Swali hilo lina uzito zaidi katika miaka hii, ambapo Tanzania imejitahidi kuusogeza upasuaji karibu na wananchi. Vituo vya afya vingi vimejengewa vyumba vya upasuaji, hasa kwa ajili ya akina mama wanaoshindwa kujifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka 2018 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Upasuaji, Uzazi na Usingizi, uliopangwa kutekelezwa hadi 2025, na katika jina lenyewe la mpango huo huduma ya usingizi ilitajwa waziwazi badala ya kufichwa ndani ya upasuaji. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini saruji na taa havimlazi mgonjwa, wala havimwamshi. Chumba cha upasuaji kisicho na mtaalamu wa usingizi aliyefuzu ni ghala tu. Na kikitumiwa na mtu asiyefuzu, kinakuwa mahali pa hatari.

Zipo rai mbili zinazosikika mara kwa mara juu ya jambo hili, na zote mbili zina kasoro. Rai ya kwanza husema kwamba usingizi utolewe na daktari bingwa peke yake. Rai hii ni nzuri kwa maneno, lakini ikitekelezwa leo vyumba vingi vya upasuaji vijijini vitafungwa, kwa sababu mabingwa hao ni wachache sana kulinganisha na ukubwa wa nchi, na kuwasomesha huchukua miaka mingi. Rai ya pili husema kwamba kwa kuwa mabingwa hawapo, basi muuguzi yeyote mwenye akili anaweza kuelekezwa kwa wiki chache na kuanza kazi. Rai hii ni mbaya zaidi, maana huugeuza uhaba kuwa ruhusa ya kubahatisha. Njia iliyo sawa iko katikati: kuwa na wataalamu wa usingizi wasio madaktari, lakini wanaofundishwa kikamilifu, wanaotahiniwa kwa haki, wanaopewa cheti chenye maana, na wanaosimamiwa hata baada ya kukipata.

Njia hiyo si mpya. Historia ya kazi hii tangu mwanzo imekuwa historia ya wasaidizi. Etha ilipoonyeshwa hadharani huko Boston tarehe 16 Oktoba 1846, hapakuwa na daktari yeyote bingwa wa usingizi duniani. Miaka mingi baadaye, katika hospitali ya ndugu Mayo mjini Rochester, jimbo la Minnesota, muuguzi Alice Magaw alijifunza kazi hiyo kwa uangalifu mkubwa, na mwaka 1906 alitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 waliopewa usingizi bila kifo hata kimoja kilichosababishwa na dawa hiyo. Hakuwa daktari. Siri yake ilikuwa kumwangalia mgonjwa bila kuondoa macho na kutoa dawa kidogo kidogo kwa kadiri ya hali ya mtu, badala ya kufuata saa.

Mfano ulio karibu zaidi na swali hili ulianza katika Marekani hiyo hiyo miaka ya 1960. Nchi tajiri kama ile nayo ilijikuta na upungufu wa watu wa kutoa usingizi, wakati upasuaji ulikuwa ukiongezeka na kuwa mgumu zaidi. Madaktari watatu, Joachim Gravenstein, John Steinhaus na Perry Volpitto, walikaa na kuuchunguza upungufu huo, wakapendekeza kada mpya ya wasaidizi wa madaktari wa usingizi. Mafunzo yalianza mwaka 1969 katika vyuo vikuu viwili, Emory cha Atlanta na Case Western Reserve cha Cleveland. Mwaka 1989 ikaundwa tume ya taifa ya kutoa vyeti kwa wasaidizi hao, iliyo mbali na vyuo vinavyowafundisha, ili anayefundisha asiwe ndiye anayejipimia mwenyewe mafanikio yake.

Yafaa watumishi wa umma wayatazame kwa makini masharti ya kada hiyo. Anayeomba kujiunga sharti awe tayari na shahada ya kwanza na msingi imara wa fizikia, kemia na biolojia. Masomo yenyewe ni ya shahada ya pili na huchukua miaka miwili au zaidi kidogo. Ndani ya muda huo mwanafunzi hufanya kazi zaidi ya saa 2,000 katika vyumba vya upasuaji, chini ya macho ya walimu wake. Akimaliza hufanya mtihani wa taifa. Akifaulu hupewa cheti, lakini cheti hicho hakidumu maisha yake yote. Ni lazima aendelee kusoma na kuthibitisha kila baada ya muda kwamba elimu yake haijachakaa. Na baada ya yote hayo, bado haruhusiwi kufanya kazi peke yake. Hufanya kazi chini ya daktari bingwa wa usingizi, ambaye yuko karibu na anaweza kuitwa mara moja.

Hapo ndipo penye funzo kubwa kwa Tanzania. Msaidizi wa Kimarekani, mwenye shahada mbili na saa 2,000 za mazoezi, ana bingwa wa kukimbilia. Muuguzi wa usingizi katika kituo cha afya cha mbali, usiku wa manane, mvua ikinyesha na barabara haipitiki, hana. Yeye ndiye msaidizi na yeye ndiye bingwa. Pumzi ya mama ikikwama, hakuna mlango wa pili wa kubisha hodi. Kwa mantiki hiyo, aliye mbali na msaada ndiye anayestahili kufundishwa zaidi na kupimwa kwa ukali zaidi. Lakini mazoea ya nchi nyingi maskini yamekuwa kinyume chake: kadiri mahali palivyo mbali, ndivyo watu wanavyoridhika na mafunzo hafifu, kana kwamba pumzi ya mwananchi wa kijijini ni nyepesi kuliko ya mwananchi wa mjini.

Kwamba mafunzo huokoa maisha si dhana tu. Kati ya 1998 na 2000 wataalamu walifuatilia upasuaji wa kujifungua 8,070 katika hospitali 25 za Malawi, nchi jirani yenye hali inayofanana sana na ya Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Takriban mama mmoja katika kila mia alifariki. Palipokuwa na mtoa usingizi mwenye mafunzo madogo au asiye na mafunzo kabisa, hatari ya mama kufa ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 2016 uchambuzi wa taarifa kutoka nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ulionyesha kwamba katika vifo vya akina mama vinavyofuata upasuaji wa kujifungua, asilimia 13.8 vilitokana na usingizi wenyewe. Mama hao hawakuuawa na uzazi pungufu wala na kisu. Waliuawa na kile kilichokusudiwa kuwasaidia.

Wako wanaojifariji kwa kusema kwamba siku hizi akina mama wengi huchomwa sindano ya mgongo, nayo ni rahisi. Ni kweli kwamba ganzi ya mgongo, ikitolewa vizuri, kwa kawaida ni salama zaidi kwa mama mjamzito kuliko kumlaza kabisa. Lakini urahisi wa kuchoma sindano usichanganywe na urahisi wa kazi yote. Baada ya sindano hiyo shinikizo la damu huweza kushuka ghafula. Ganzi huweza kupanda juu kuliko ilivyotakiwa na kuifikia misuli ya kupumulia. Damu ikitoka nyingi, au ganzi ikikosa kushika, itabidi mgonjwa alazwe kabisa, tena kwa haraka, huenda tumbo likiwa na chakula kinachoweza kupanda na kuingia katika mapafu. Anayejua kuchoma tu amejua mlango wa kuingilia, lakini hajui mlango wa kutokea.

Basi cheti cha mtaalamu wa usingizi kinapaswa kuthibitisha nini? Kwanza, kithibitishe kwamba mwenye cheti ameyafanya mambo kwa mikono yake mbele ya mwalimu, siyo kuyaeleza katika karatasi ya mtihani tu. Awe amepumulisha wagonjwa kwa barakoa na mfuko, ameingiza mpira katika koo la hewa, ametoa ganzi ya mgongo na kuyakabili madhara yake, amepiga hesabu ya dawa ya mtoto kwa kilo zake, na amemfufua mtoto mchanga aliyezaliwa bila kulia. Kila tendo liandikwe katika daftari na kutiwa sahihi na aliyelishuhudia. Pili, kithibitishe kwamba anajua kukagua mashine na mitungi kabla ya mgonjwa kuingia, na kwamba anajua la kufanya umeme ukikatika au oksijeni ikiisha katikati ya kazi. Tatu, kithibitishe tabia. Mtu anayetoka nje kuzungumza wakati mgonjwa amelazwa hafai kazi hii, hata awe amepata alama za juu namna gani. Viwango vya kimataifa vilivyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na shirikisho la vyama vya madaktari wa usingizi vinasisitiza jambo hilo: mtoa usingizi aliyefunzwa awepo karibu na mgonjwa muda wote, na kipimo cha oksijeni katika damu kiwepo muda wote.

Nchini Tanzania msingi upo tayari. Kwa miaka mingi hospitali kubwa, ikiwamo KCMC ya Moshi iliyofunguliwa mwaka 1971, zimekuwa zikiwafundisha wauguzi kazi ya usingizi, na wahitimu wao ndio wamebeba upasuaji wa wilayani katika mabega yao. Wengi wamefanya kazi ya kishujaa kwa vifaa vichache. Kuwaheshimu watu hao hakuishii katika kuwapigia makofi. Ni kuhakikisha kwamba jina la kazi yao halitumiwi na mtu ambaye hakupita katika tanuru walilopita wao.

Hapa ndipo watumishi wa umma wanapohusika moja kwa moja. Jengo la upasuaji huchukua miezi mingi kujengwa. Muuguzi naye anahitaji mwaka mzima au zaidi kufundishwa usingizi. Mambo hayo mawili yangeweza kwenda sambamba, lakini mara nyingi fedha za ujenzi hutengwa kwanza na fedha za masomo hukumbukwa jengo likishapakwa rangi. Hapo mkuu wa kituo hujikuta na chumba kizuri, wananchi wenye matumaini, na shinikizo la kuanza kazi na yeyote aliyepo. Dawa ya jambo hili ni ndogo na haihitaji sheria mpya: siku jiwe la msingi linapowekwa, muuguzi atakayetoa usingizi katika chumba hicho, pamoja na mwenzake wa kupokezana naye, wawe wamekwisha pata ruhusa ya masomo na fedha zao. Halmashauri isiyoweza kutaja majina ya watu hao wawili bado haijawa tayari kufungua chumba cha upasuaji.

Maafisa utumishi nao wana wajibu wao. Mtaalamu wa usingizi akirudi kutoka masomoni, ikama imtambue kwa kazi aliyosomea. Kumrudisha wodini kugawa vidonge kwa sababu wodi ina upungufu, au kumhamishia kituo kisicho na chumba cha upasuaji, ni kutupa fedha za umma na kupoteza elimu inayochakaa upesi isipotumiwa. Muundo wa utumishi umwonyeshe njia ya kupanda, kwa cheo na mshahara, bila kulazimika kuiacha kazi yake ili apate maendeleo. Mtu anayeitwa usiku tatu au nne kwa wiki, mwaka mzima, bila mwenzake wa kupokezana, hatimaye atasinzia. Na akisinzia yeye, chumba kizima kitakuwa kimelala.

Hali kadhalika, usimamizi usiishe siku ya kukabidhiwa cheti. Kwa kuwa bingwa hawezi kuwapo kila kituo, elimu ya bingwa iwafikie walioko vituoni. Mganga Mkuu wa Wilaya ahakikishe kwamba kila mtaalamu wa usingizi ana namba ya simu ya bingwa wa mkoa au wa kanda, na kwamba simu hiyo hupokewa. Kila mwaka arudi kwa majuma machache katika hospitali kubwa, afanye kazi pamoja na walio juu yake, na aonyeshe daftari lake. Kifo chochote kinachotokea mezani kijadiliwe kwa nia ya kujifunza, siyo kwa nia ya kumtafuta wa kumtwisha lawama. Mahali ambapo makosa huadhibiwa kabla hayajaelezwa, makosa hufichwa, na kosa lililofichwa hurudi.

Huenda akatokea msemaji akauliza: je, mama afie mlangoni akisubiri mtu mwenye cheti? Swali hilo ni zito na halifai kupuuzwa. Dharura ni dharura, na hakuna mwenye utu atakayemlaumu mhudumu aliyefanya alichoweza usiku ambao hapakuwa na njia nyingine. Lakini tofauti ni kubwa kati ya dharura ya usiku mmoja na utaratibu wa mwaka mzima. Dharura ikirudiwa kila wiki hugeuka kuwa mpango, na mpango wa namna hiyo hakuna kiongozi angekubali kuutia sahihi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Upungufu wa watu huzibwa kwa kufundisha watu wengi zaidi. Kupunguza maana ya kufundishwa hakuuzibi, huuficha tu.

Walimu nao wasidhani kwamba habari hii iko mbali na madarasa yao. Kazi ya usingizi imejengwa juu ya fizikia ya hewa na shinikizo, kemia ya dawa, biolojia ya moyo na mapafu, na hesabu za uwiano zinazopaswa kupigwa upesi bila kukosea. Kijana anayefundishwa kwamba nukta ya desimali ikihama dawa huzidi mara kumi, anafundishwa uhai. Aidha, vijana wengi wanaopenda tiba hudhani kwamba nje ya udaktari hakuna heshima. Mwalimu anaweza kuwafungulia macho waone kazi hii, ambayo nchi inaihitaji sana na ambayo wachache wanaifahamu.

Taifa hili lina kumbukumbu ya kufundisha watu wengi kwa pamoja. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza na kuchimba vyoo na kusafisha vijiji vyao. Funzo lake lilikuwa kwamba elimu ya afya si mali ya wachache. Funzo hilo bado ni kweli, ila lina upande wa pili: kazi inayofanywa mgonjwa akiwa hana fahamu haiwezi kujifunzwa kwa kusikia tu. Inahitaji mwalimu aliyesimama karibu, muda wa kutosha, na mtihani usio na upendeleo.

Mgonjwa aliyelazwa hana sauti. Hawezi kuuliza anayemlinda alisoma wapi, alifundishwa na nani, wala mara ya mwisho alipimwa lini. Maswali hayo yanapaswa kuwa yameulizwa na kujibiwa kabla yake, na watu walioajiriwa kuyauliza. Cheti cha mtaalamu wa usingizi ndilo jibu lao lililoandikwa. Mtumishi anayekitoa, anayekisajili au anayempangia kazi mwenye cheti hicho, anaweka sahihi yake chini ya maisha ya mtu ambaye hatamwona kamwe, na atende kwa kadiri ya uzito huo.